Ratili Kumi na Sita za Sufi

Ukitaka kumkasirisha Mwanakhamis binti Kamaludin, ungemuuliza godoro lako litakula sufi "kama kiasi gani". Neno hilo "kama" lilimpanda kichwani. Angeiweka chini shazia yake, ile sindano nene ya kushonea magunia, akakutazama juu ya leso aliyojifunga puani, akakwambia: "Kama ni ya wasojua kupima. Godoro lako lataka ratili kumi na sita. Ukileta kumi na tano utalala juu ya mbao, na sitaki kusikia jina langu likitajwa."

Kazi yake ilikuwa kushona na kujaza magodoro ya sufi, katika chumba cha chini cha nyumba ya marehemu babake, mtaa wa Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa. Siku ya kujaza, sufi ilielea chumbani kote, ikamgeuza nyusi kuwa nyeupe, ikatoka dirishani na kwenda kutua kwenye nguo za watu zilizoanikwa. Majirani walifunga madirisha na kulalama. Walilalama, na Idi ikikaribia walikuja kuagiza, kwa maana hapakuwa na mlalamishi hata mmoja ambaye hakuwa akilalia kazi ya mikono yake. Ndivyo tulivyo, binadamu.

Elimu hii aliirithi kwa babake. Mzee Kamaludin hakuingia skuli hata siku moja, lakini alijua kila chombo kinaingia nini na kwa wingi gani. Alikuwa na kasha dogo la mvule alilolipiga randa mwenyewe: shibiri moja mbele, shibiri moja ubavuni, shibiri moja kimo. Shibiri yenyewe, toka ncha ya gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, ilikuwa ya mkono wake. Ulijaza kasha lile sufi iliyochambuliwa mbegu na kuanikwa juani, ukaikandamiza kwa ngumi mara tatu, ukaongeza mpaka ukingoni, na sufi ile ukiitia kwenye mizani ilikuwa ratili moja, haipungui haizidi. Pamba ilikuwa ratili moja na nusu. Makumbi ya nazi yalifika tatu, na bado yalikukwaruza mgongo. Basi kwa mzee yule, godoro lolote lilikuwa ni idadi ya makasha yanayoweza kuingia ndani yake. Kitanda cha futi sita kwa tatu ni shibiri nane kwa nne. Nane mara nne, thelathini na mbili. Kimo cha godoro ni nusu shibiri, basi chukua nusu yake, kumi na sita. Ratili kumi na sita, nenda kanunue.

Mwanakhamis aliyajua haya kabla ya kuota meno ya pili. Alijua hata hesabu ya vitu vya mviringo, ambayo iliwashinda waliosoma. Takia refu la kuegemea, ulilizungushia uzi tumboni, ukaukunja uzi ule mara nne, mkunjo mmoja ukaupigia mraba, ukazidisha kwa urefu wa takia, kisha ukaongeza robo. Siku moja alikuja Mwalimu Nicanor, aliyekuwa akisomesha hesabu huko Ganjoni na kuumwa na mgongo, akaagiza takia la shibiri nne kwa urefu na shibiri nne mzunguko. Mwanakhamis akakunja uzi wake na kutamka pale pale: "Ratili tano." Mwalimu hakuamini. Akatoa kalamu, akaandika na kufuta, akaandika tena, uso ukamlegea. "Tano na kitu kidogo sana," akasema. "Mama, wewe ulisomea wapi hesabu?" Mwanakhamis akamjibu kwamba alisomea hapo alipokaa, na hicho kitu kidogo sana atamwongezea bure.

Huo ndio upande wake mmoja, na ndio uliojulikana na watu. Upande wa pili ni kwamba alikuwa amepita miaka arubaini, na hakuwa na mtoto. Aliolewa akiwa wa miaka kumi na tisa, akakaa na mume miaka tisa, akanywa kila mzizi ulioletwa na kila kombe lililoandikwa aya. Mume akaoa mke wa pili, naye akazaa katika mwaka wa kwanza. Mwanakhamis hakupiga kelele. Alimjazia mtoto yule godoro lake, ratili mbili, akalipeleka mwenyewe, kisha akarudi kwa babake na kuomba talaka yake. Tangu hapo hakutaka tena habari za waume. Habari za watoto, hizo hazikumtoka. Alipokuwa akishona godoro la mtoto wa mtu alikuwa mkali kuliko siku nyingine, na aliyemjua alikaa mbali naye siku hiyo.

Mdogo wake alikuwa Zakiya. Mama yao alifariki Zakiya akiwa na miaka miwili, na Mwanakhamis, msichana wa miaka kumi na mmoja, ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamsuka, na mwishowe akamjazia magodoro ya harusi. Zakiya aliolewa na Khubaib, karani wa bandarini, wakahamia orofa ya pili ya nyumba moja ya Ganjoni, wakazaa watoto watatu mfululizo. Mwaka wa tisini na nne alikuwa na mimba ya nne. Siku moja mchana alikuja Kuze kumsaidia dadake kuchambua sufi, wakawa wameketi mkekani, kila mmoja na rundo lake, mbegu nyeusi zikianguka kwenye sinia.

"Dada," Zakiya akasema bila kuinua macho, "huyu nnaye tumboni ni wako. Nikishamwachisha ziwa, takuletea umlee."

Vidole vya Mwanakhamis viliendelea kuchambua, ila sasa vilikuwa vikitupa sufi kwenye sinia na kuweka mbegu kwenye rundo. Zakiya aliliona hilo, akacheka, kisha wote wawili wakalia, kisha wakacheka tena.

Jambo lenyewe si la ajabu katika Mji wa Kale. Mtu mwenye watoto wengi humpa nduguye mmoja amlee, na mtoto hukua akiwa na mama wawili na nyumba mbili, wala hakuna karatasi inayoandikwa. Lakini lina adabu yake. Mtoto aliyeahidiwa hadaiwi. Aliyeahidi huleta mwenyewe kwa wakati wake, na aliyeahidiwa hungoja akaziba mdomo, kwa sababu mtoto si mali ya mtu. Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini deni la namna hii hawakutuambia nani ataenda kubisha mlango.

Mtoto wa kike alizaliwa mwezi wa Ramadhani, akaitwa Tumu. Mwanakhamis alikwenda Ganjoni siku ya pili, akamchukua mikononi, akafungua kiganja chake na kukinyosha kando ya mwili wake. Shibiri mbili na vidole vitatu. Alirudi nyumbani na kukata kitambaa chenye milia ya buluu. Shibiri nne kwa mbili, kimo robo shibiri: nne mara mbili nane, robo yake mbili. Akapima ratili mbili za sufi bora, iliyochambuliwa mara mbili, akaitia kwenye gunia safi na kulifunga. Foronya aliishona pande tatu akaitundika ukutani, tupu. Kujaza hakujaza. Babake alimfundisha kwamba godoro la mtoto halijazwi mpaka mwenyewe awemo ndani ya nyumba, kwani godoro lililojaa na halina mwenyewe hulaliwa na wasioalikwa. Kama wasioalikwa hao wapo au hawapo sijui, lakini Mwanakhamis hakuthubutu kujaribu.

Miaka miwili ya kunyonya ikapita. Alijua fika kwamba mtoto yu karibu kuizidi foronya ile, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kupima, alikwenda kumpima upya. Hapa ndipo ujanja wake ulipoanzia. Kudai hakuweza, lakini fundi wa magodoro kwenda kumpima mtoto, nani angemlaumu? Alivaa buibui lake, akachukua kashata kwenye karatasi, akatembea kwa miguu kutoka Kuze mpaka Ganjoni.

"Nimekuya kumpima Tumu," alisema mlangoni.

Zakiya alielewa. Dada yake naye alijua kwamba ameelewa. Tumu akalazwa mkekani, na shangwe ikaanza, maana kiganja kile kikitembea ubavuni mwake kutoka kisigino mpaka utosini kilimtekenya, na alijikunja na kucheka mpaka kipimo kikaharibika na kurudiwa. Shibiri tatu na nusu na kitu. Mwanakhamis alikirudia kipimo mara nne, na mara tatu kati ya hizo hazikuwa na haja.

"Nimemwachisha ziwa juzi," Zakiya akasema, "lakini ana homa ya meno. Ngoja apoe, dada. Usikate kitambaa bado."

Alikikata. Shibiri tano kwa tatu, kimo theluthi: tano mara tatu kumi na tano, theluthi yake tano. Akaongeza ratili tatu kwenye gunia.

Ikaja Idi ya kuchinja, Zakiya akasema mtoto avae nguo za Idi pamoja na wenzake kwanza. Ikaja surua. Mwezi wa nane zikaja fujo za Likoni, watu wakakimbia makwao, na nani angemtoa mtoto wake nyumbani siku zile? Kila udhuru ulikuwa wa kweli. Hapo ndipo penye uchungu, kwamba hakuna hata mmoja ambao ungeweza kuuita uongo. Na baada ya kila udhuru, Mwanakhamis alikwenda na kashata zake, akapima, akarudi, akafumua foronya na kuipanua. Shibiri sita kwa tatu, theluthi, sita. Ratili sita zikakaa guniani, zikingoja.

Sufi alikuwa akiletewa na Dzoro, mtu wa Kaloleni mwenye misufi yake mwenyewe, ambaye alishusha magunia yake Marikiti na kumletea Mwanakhamis la kwanza kuchagua. Dzoro alikuwa mcheshi, na alimheshimu sana, lakini macho alikuwa nayo. Siku moja alimkuta anafumua foronya ile ya milia kwa mara ya tatu.

"Bi Mwanakhamis," akasema, "mtoto huyu naona anakulia kwako kuliko kwa mamake."

Alikusudia mzaha. Mwanakhamis akatazama uzi alioushika, akaendelea kufumua. Dzoro aliaga haraka, na safari iliyofuata alimletea papai mbili kubwa, wala hakuligusia tena jambo lile.

Alimtamani mtoto yule. Niseme wazi, maana yeye hakulisema. Alipokuwa akichemsha chai asubuhi alijikuta ameweka vikombe viwili. Alipita maduka ya nguo za watoto akishika vitambaa kwa vidole kama mtu anayekagua ubora, na wenye maduka walimwona hivyo hivyo, fundi anayekagua. Jirani yake Mejumaa alimwambia siku moja, kwa nia njema tu, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, shoga yangu, mpe Zakiya muda." Mwanakhamis alikubali kwa kichwa. Akaingia ndani na kujiuliza, na uchungu wa kutokuwa naye, ule aujuaye ni nani? Alikaa na swali hilo siku nzima, na takia moja alilishona upande.

Mwezi wa kumi mvua zikaanza. Watu wa Mombasa wanaikumbuka mvua ile ya mwaka wa tisini na saba, ilivyonyesha ikasahau kukatika, na njia za Kuze zikawa mito. Ilikuwa ni mvua mbaya kwa sufi. Sufi hunywa maji ya hewani bila kuonekana, ukiishika ni kavu, ukiipima ni nzito. Mwanakhamis alifunga kazi wiki mbili akingoja jua. Ndipo Zakiya alipokuja.

Alikuja peke yake, buibui limelowa mpaka magotini. Aliingia, akauliza hali, akajibiwa, akauliza tena hali ile ile. Aliketi pale pale walipoketi miaka mitatu nyuma. Hakukuwa na sufi ya kuchambua, na mikono yake ikakosa kazi.

"Dada," akasema, "nimekuya kuagiza godoro."

"La nani?"

"Khubaib amenunua kitanda. Cha mbao nzuri, cha kudumu. Futi sita kwa tatu."

Kinywa cha Mwanakhamis kilitangulia. Kilikuwa kimefanya kazi hiyo miaka thelathini, na hakikungoja ruhusa. "Shibiri nane kwa nne," kikasema. "Thelathini na mbili. Nusu yake kumi na sita. Ratili kumi na..."

Watoto watatu wakubwa wa Zakiya walikuwa na magodoro yao, aliyajaza yeye mwenyewe na kila moja alikumbuka lilikula nini. Alikuwa amebaki mmoja tu asiye na godoro lake katika nyumba ile. Na kitanda cha futi sita hanunuliwi mtoto atakayeondoka. Hununuliwa mtoto atakayekilalia mpaka siku atakapotolewa bibi harusi.

Mvua iliendelea kupiga mabati ya kibanda cha uani. Zakiya alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa hajasema "hapana", na hakuhitaji kusema. Alitumia lugha ile ile ambayo dada yake alikuwa akiitumia kila alipokwenda Ganjoni na kiganja chake.

Ndipo Mwanakhamis akavunja adabu. "Zakiya," akasema, "nipe mwana."

"Siwezi, dada. Nilidhani taweza. Wallahi nilipokuahidi nilikuwa sisemi uongo. Kila siku nilikuwa nafunga nguo zake kitambaani, kisha nafungua. Nimekuwa mgonjwa na jambo hili. Siwezi."

Wote wawili walikuwa wanalia sasa, na hakuna aliyecheka. Zakiya akasogea mkekani, akamshika dada yake magoti. "Mungu akinijaalia mwengine, huyo takuletea siku atakapo..."

Mwanakhamis akamziba mdomo. Alimziba kwa kiganja kile kile, hakumpiga, akakiacha pale mpaka Zakiya aliponyamaza. "Usinipe tena mwana wa mdomoni," akasema. "Huyu mmoja amenilia miaka mitatu. Mwengine siwezi kumbeba." Kisha akaondoa mkono, akajipangusa uso kwa leso, na kuuliza, kwa ile sauti yake ya kila siku, kama mbao za kitanda zimekaribiana au zimeachana, kwa sababu zikiachana godoro litataka kushonwa mara mbili chini.

Zakiya alipoondoka, Mwanakhamis alitungua foronya ya milia ya buluu. Kutoka shibiri sita kwa tatu kwenda nane kwa nne haikuwa kazi ndogo, lakini kitambaa kilikuwepo, alikuwa amekiweka akiba. Ratili sita alizokuwa nazo guniani akazitanguliza. Zilibaki kumi.

Sufi ya kumi hizo ilikuwa ile ya Dzoro iliyonywa mvua, na hapo shetani alimjia, simfichi. Angeijaza kwa mizani. Mizani ingesema kumi, na asingemdhulumu mtu kwa maneno, lakini robo ya uzito ule ilikuwa maji. Jua likirudi, mwezi wa pili au wa tatu, godoro lingelala katikati kama ngozi ya mbuzi, na ingebidi walirejeshe Kuze kufumuliwa na kuongezwa. Wangelileta na Tumu, kwa kuwa ni lake. Mwakani lingelala tena. Aliifikiria hesabu ile mchana kutwa, na ilikuwa hesabu nzuri, haikuwa na kosa.

Kisha akamfikiria mtoto mwenyewe, na mgongo wake mdogo aliokuwa akiujua kwa shibiri na vidole, ukilala kwenye shimo. Akaisukuma mizani kando na kulivuta kasha la mvule. Alilijaza na kulikandamiza kwa ngumi mara tatu, akaongeza mpaka ukingoni, akamimina ndani ya foronya, na kulijaza tena. Kasha halidanganywi na maji. Alihesabu kumi kwa sauti. Baada ya hapo akashika shazia na kushona ubavu wa mwisho, mishono ya karibu karibu, na kila palipotakiwa fundo moja akatia mawili.

Siku ya kuchukuliwa, jua lilikuwa limetoka kidogo. Zakiya alikuja akimshika Tumu mkono. Mtoto alikuwa na miaka miwili na miezi tisa, ametembea njia nzima kwa ubishi, hakutaka kubebwa. Godoro lilikuwa limelazwa chini, katikati ya chumba, limefura na linanuka jua. Tumu hakuuliza la nani. Aliruka juu yake, akaanguka, akaruka tena, akamwamkia mama yake mkubwa kutoka juu huko huko.

"Ngoja nitafute mkokoteni Marikiti," Zakiya akasema. "Mtazame kidogo, dada."

Zakiya alikawia, maana mikokoteni siku ile ilikuwa kwenye kazi ya kuhamisha watu walioingiliwa na maji. Tumu aliruka mpaka akachoka. Akalala kifudifudi, akasema neno au mawili kuhusu paka aliyemwona njiani, na katikati ya habari ya paka usingizi ukamchukua.

Mwanakhamis akaketi kando yake. Alikuwa hajapata hata siku moja kuwa na mtoto aliyelala ndani ya nyumba ile. Aliangalia mgongo ukipanda na kushuka. Sufi moja ilikuwa imemkwama Tumu kwenye nywele, akanyosha mkono kuiondoa, kisha akaiacha isije ikamwamsha. Huko nje mtu alikuwa akiuza kahawa na vikombe vyake vikigongana, naye akamchukia mtu yule kwa kelele zake. Aliomba mikokoteni yote ya Mombasa ivunjike magurudumu. Ndiyo, aliomba hivyo, mwanamke mzima mwenye akili zake.

Mkokoteni ulipokuja, mwenye mkokoteni akasimama nje na kupiga makofi kuhimiza. Zakiya akaingia, akaona, akainama kumchukua mtoto.

"Mwache amalize usingizi," Mwanakhamis akasema.

Zakiya akatoka kumwambia mtu wa mkokoteni angoje, akarudi, akaketi kwenye kizingiti bila kuvua buibui. Kivuli cha mlango kilitambaa mpaka kikafika kwenye milia ya godoro.

Tumu aliamka kama watoto wanavyoamka mchana, amevimba macho na hajui yuko wapi. Hakuinua kichwa. "Mama," akaita.

"Naam, mwanangu," Mwanakhamis akajibu.

Lilimtoka kabla hajalizuia. Zakiya, pale kizingitini, alikuwa amekwisha kufungua mdomo, akaufunga. Hakuitika. Alijiinamia na kuitazama miguu yake, akamwachia dada yake jibu lile.

Tumu aligeuza kichwa. Alimtazama Mwanakhamis kwa muda, kwa macho mazito, bila hofu, kama mtu anayemjua. Kisha akamwona mamake mlangoni. Akateremka godoroni, akampita mama yake mkubwa kwa kumshika bega asianguke, akaenda kwa Zakiya na kujilaza kifuani pake.

Mwanakhamis alisimama, akashika pembe mbili za godoro, mtu wa mkokoteni akashika mbili, wakalitoa. Alimwonyesha jinsi ya kulifunga kamba ili lisikunjike, akambusu mtoto, akamwambia Zakiya walianike kila Ijumaa. Aliwatazama mpaka walipokata kona. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango mchana peupe na kazi za watu zikiwa zimemngoja, akalala chini pale mahali ambapo godoro lilikuwa, akalia kwa sauti. Mejumaa alimsikia kutoka nyumba ya pili. Aliweka chini ungo wake, akaja, akabisha hodi, naye hakufunguliwa, akakaa nje ya mlango mpaka sauti ile ikatulia.